BUNDUKI YA BABU SI TARIKA

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.). Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu Waislamu, baada ya darsa ya mirathi tuliletewa swali zito. Familia moja, ilipokuwa ikiezua nyumba ya marehemu babu yao, aliyekuwa askari wa Keya katika vita vya 1939 hadi 1945, ilikuta darini bunduki kuukuu ya kijeshi. Mjukuu mkubwa adai aliahidiwa. Wengine wataka iuzwe. Wengine wataka ifukizwe ubani, kwa kuwa ndiyo iliyomlinda mzee vitani.

Kwanza, urithi hufuata milki. Mafungu ya Suratun-Nisaa, aya ya 11, hugawanywa baada ya wasia na deni, na katika mali ya marehemu tu. Bunduki ya jeshi ni ya jeshi. Askari hukabidhiwa ili airudishe. Hali kadhalika zile za vita vya kwanza: Novemba 1914, Waingereza na askari wao wa Kihindi waliposhindwa hapa Tanga, walirudi merikebuni wakiacha nyuma mamia ya bunduki. Amana haigeuki mali kwa kukaa darini miaka themanini. Babu hakuweza kuusia asichokimiliki.

Na kama aliinunua kihalali? Hapo thamani yake ni tarika: mabinti wana fungu lao, na mjukuu hana kitu maadamu wana wa marehemu wako hai, ila kwa wasia usiozidi thuluthi. Hata hivyo, kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha ya mwaka 2015, kibali ni cha mtu, hakirithiwi.

Pili, Mtume (S.A.W.) alikataza kupokezana upanga ulio wazi, na kumwelekezea ndugu silaha hata kwa mzaha. Itakuwaje bunduki ambayo hakuna ajuaye kama ina risasi, katika nyumba yenye watoto? Nasi watu wa Tanga, baada ya mapambano ya mapango ya Amboni ya Februari 2015, hatuhitaji kusimuliwa jinsi silaha moja isiyo na maelezo inavyoweza kuutia msikiti mzima katika shuku.

Tatu, aliyemlinda babu ni Mwenyezi Mungu, si chuma wala mbao. Kukifukiza ubani na kukiomba baraka ni kuugusa mlango wa shirki.

Tunajua kinachowazuia wengi ni hofu ya kukamatwa. Hofu hiyo si ya kudharauliwa. Lakini Umoja wa Afrika uliufanya Septemba kuwa mwezi wa msamaha wa kusalimisha silaha haramu tangu 2017, na serikali yetu nayo imetangaza vipindi vya namna hiyo, kama Septemba na Oktoba 2023. Usiiguse wala usiibebe njiani. Wakubwa wa familia wafuatane na imamu wao hadi kituoni, waeleze, na polisi waje kuichukua.

Na huko si kumsaliti babu. Mlipieni deni hili, maana amana isiyorudishwa ni deni. Mwombeeni maghufira, mtoleeni sadaka, ungeni jamaa zake, na andikeni habari zake kabla wanaozijua hawajaondoka. Huo ndio urithi usiohitaji kibali, na kila mjukuu ana fungu lake.

Wabillahi tawfiiq.