NYUMBA NJEMA SI MLANGO



Wahenga walituachia neno: nyumba njema si mlango. Walitaka tujue kwamba wema wa nyumba haupimwi kwa kuitazama kutoka nje. Sharti mtu aingie, aketi, ajue nani anakaa humo na kwa moyo gani. Leo katika miji yetu neno hilo limepinduliwa. Anayetafuta chumba Dar es Salaam huonyeshwa mlango tu, na mara nyingine hata huo mlango huuona kwenye picha ya simu ya dalali. Kisha hudaiwa kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima, kabla hajajua kama bomba linatoa maji, kama bonde lililo nyuma ya nyumba hujaa wakati wa masika, au kama mwenye nyumba ni mtu wa kushika neno lake. Akiomba siku mbili za kufikiri, huambiwa: “Amua sasa, jioni kuna mwingine anakuja na fedha mkononi.”

Sisi wa Tume ya Haki na Amani tunasema waziwazi kwamba hili si jambo la biashara peke yake. Ni jambo la haki. Tena linatugusa kwa karibu, kwa kuwa wengi wanaodai fedha hizo na wengi wanaodaiwa husali katika kanisa moja, na kila Jumapili hupeana mkono wa amani.

1. Nani anayechagua?

Wapo wanaosema kwamba kutafuta nyumba ni shughuli ya kila mtu na bahati yake. Hushauri hivi: tembelea nyumba nyingi, zilinganishe, usikilize moyo wako, na ukifika mahali panapokufaa utajua mwenyewe. Shauri hilo ni jema kwa mwenye fedha. Kwa maskini ni kejeli.

Tuchukue mfano. Mtu anapata mshahara wa shilingi 200,000 kwa mwezi, na amepata chumba cha shilingi 60,000. Ukitazama kodi ya mwezi mmoja utasema anaimudu. Lakini anatakiwa alipe miezi sita kwa mkupuo, yaani shilingi 360,000, na juu yake udalali wa kodi ya mwezi mmoja, shilingi 60,000. Jumla ni shilingi 420,000, zaidi ya mishahara yake miwili bila kula, bila nauli, bila dawa ya mtoto. Akidaiwa mwaka mzima, jumla inafika 780,000, karibu mishahara yake minne. Bado hatujahesabu fedha ambazo madalali humtoza ili wamtembeze tu kwenye vyumba asivyovichukua.

Mtu huyo anafanya nini? Anakopa kwa riba, anauza kitanda, au anamwacha mke na watoto kijijini mwaka mwingine tena. Baada ya hayo yote hachagui nyumba inayomfaa. Anachukua ile ambayo mwenyewe yuko tayari kupokea kiasi alicho nacho. Tusimwambie basi kwamba moyo utamwonyesha. Moyo wake ulikwishaona. Uliona chumba chenye madirisha mawili karibu na shule, ukakiacha.

2. Jinsi tulivyofika hapa

Wazee wanakumbuka kwamba haikuwa hivi daima. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962. Mwaka 1971 Serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani kubwa, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, ambaye shughuli zake ziliunganishwa na zile za Shirika mwaka 1990. Ilikuwapo pia Sheria ya Kudhibiti Kodi ya Pango ya mwaka 1984, pamoja na mabaraza ambayo mpangaji aliweza kuyakimbilia pale kodi ilipopandishwa bila sababu au alipofukuzwa ovyo.

Hatusemi kwamba enzi hiyo ilikuwa pepo. Nyumba za kudhibitiwa zilikuwa chache, matengenezo yalisahauliwa, na wengi walitoa kilemba kwa siri ili wapate ufunguo. Lakini sheria ile ilipofutwa mwaka 2005, ubovu wake uliondoka pamoja na wema wake, na aliyebaki bila kinga ni mpangaji mdogo. Tukaambiwa kwamba soko huria litapanga kila kitu. Kati ya sensa ya mwaka 2012 na ile ya 2022 wakazi wa Dar es Salaam waliongezeka kwa zaidi ya milioni moja, wakafikia 5,383,728. Pale ambapo watu milioni wanatafuta pa kulala, na mwenye chumba anaweza kungoja mwezi mmoja hali mwenye watoto hawezi kungoja usiku mmoja, hayo si mapatano ya watu wawili walio huru. Ni mwenye nguvu na asiye na nguvu.

3. Hoja za wenye nyumba

Tumewasikiliza wenye nyumba, nao wana mambo ya kweli. Wengi si matajiri. Ni mjane aliyeachiwa nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, mwenyewe akikaa kimoja na vitano vikimpatia chakula. Ni mstaafu aliyejenga kwa kiinua mgongo chake. Husema kwamba wapangaji wengine huhama usiku na deni la umeme, na kwamba fedha ya mkupuo ndiyo inayowawezesha kupaua chumba kingine au kuchimba choo kipya.

Haya tunayakubali, lakini tuyapime. Anayetoa kodi ya mwaka mzima mbele ni mkopeshaji. Amemkopesha mwenye nyumba bila riba, bila dhamana, na mara nyingi bila hata stakabadhi. Maskini ndiye anayemkopesha aliyemzidi! Na baada ya kumkopesha, huishi katika nyumba ile kama aliyefadhiliwa: haruhusiwi kupokea ndugu zake, hukemewa watoto wakilia, na paa likivuja huambiwa angoje. Hawezi kuhama, maana fedha yake imekwisha kumezwa. Hivi mkopeshaji wa namna hiyo umemwona wapi?

Kuhusu wanaotoroka na madeni, dawa ni mkataba ulioandikwa, amana ya mwezi mmoja inayorejeshwa, na wadhamini wanaojulikana. Kumtoza mwaminifu adhabu ya kosa la mtoro si haki.

Kuna jambo lingine linalotia aibu. Zipo nyumba ambazo hazipangishwi kwa wenye watoto wengi, kwa mwanamke asiye na mume, au kwa mlemavu, kwa kuwa “atasumbua”. Sisi ambao kila Noeli tunasikitikia familia iliyokosa nafasi katika nyumba ya wageni kule Bethlehemu, tumejiuliza ni familia ngapi tumezirudisha kutoka milangoni petu sisi wenyewe? Nabii Isaya, katika sura ya tano, aliwakemea waliounganisha nyumba na nyumba hadi wengine wakakosa mahali. Tusidhani alisema na watu wa kale peke yao.

4. Vipimo vya nyumba inayofaa

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo ya mwaka 1965, uliitaja nyumba pamoja na chakula na mavazi kati ya vitu ambavyo mtu hawezi kuishi kibinadamu bila kuwa navyo. Mwaka 1987, uliotengwa na Umoja wa Mataifa kwa ajili ya watu wasio na makazi, Tume ya Kipapa ya Haki na Amani iliandika hati maalumu juu ya ndugu asiye na nyumba. Na mwaka 1991 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayoangalia haki za kiuchumi, kijamii na kitamaduni ilieleza mambo saba yanayoifanya nyumba kuwa makao ya kumfaa binadamu. Tunayaleta hapa kwa lugha ya mitaa yetu, ili yeyote anayetafuta nyumba awe na kipimo kinachopita rangi ya ukuta.

Kwanza, usalama wa kukaa: nani anaweza kukutoa, na kwa taarifa ya muda gani? Pili, huduma: nenda jioni, fungua bomba, uliza mita ya umeme inashirikiwa na wangapi, kitazame choo. Tatu, gharama: je, ukishalipa kodi unabaki na cha kula na ada ya shule? Nne, hali ya nyumba yenyewe: hewa, dari, nyufa, na alama ya maji ukutani. Tano, kufikika: je, bibi mwenye magongo ataweza kufika chooni? Sita, mahali: kazi, zahanati na shule viko umbali gani, na nauli ya kila siku ni kiasi gani? Saba, utamaduni: je, mnaweza kuishi humo kwa heshima kama familia, mkapokea mgeni na kusali pamoja?

Kipimo cha nne na cha sita tusivichukulie kwa wepesi. Chumba cha mabondeni hupendeza Septemba. Desemba 2011 bonde la Mto Msimbazi lilifurika, watu wakapoteza maisha, na familia nyingi zikahamishiwa Mabwepande. Mwishoni mwa mwaka 2015 na mwanzoni mwa 2016 nyumba nyingi za mabonde hayo zikabomolewa. Mpangaji aliyekuwa amelipa mwaka mzima huko angeidai fedha yake kwa nani? Kwa hiyo usimwulize dalali juu ya masika. Mwulize jirani, mwuzaji wa genge, na mjumbe wa mtaa.

Hapo ndipo mtu anapojua kwamba amefika kwake. Nyumba inayofaa ni ile ambayo mtu hulala humo bila kuogopa: hamwogopi mwenye nyumba, haiogopi mvua, wala haogopi mwisho wa mwezi. Chumba kimoja chenye amani hiyo ni makao. Nyumba yenye vigae na feni isiyo na amani hiyo ni kituo cha kungojea basi.

5. Wajibu wetu

Tunamtaka kila mwenye nyumba aliye mwamini aanze mwaka huu kupokea kodi ya mwezi, au isizidi miezi mitatu. Atoe mkataba wa maandishi na stakabadhi. Na asipandishe kodi katikati ya mkataba. Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya mwaka 1999, inamtaka amwachie mpangaji akae kwa utulivu, na chumba kiwe kinafaa kuishi binadamu siku anapokipangisha. Hiyo si hisani. Ni wajibu.

Tunamtaka dalali atoze pale tu kazi inapokamilika, wala asikionyeshe chumba kimoja kwa watu watano akipokea fedha ya kila mmoja. Tunajua kwamba wengi wao ni vijana wetu wasio na kazi nyingine. Njaa yao haiwapi ruhusa ya kula jasho la mwenye njaa mwenzao.

Tunawataka wapangaji wasiseme, “Sisi tutafanya nini?” Waudai mkataba, walipie mbele ya shahidi, watunze nyumba ya mtu kama yao, na walipe kwa wakati. Ugomvi ukitokea, waanze kwa usuluhishi katika Baraza la Kata, na ikishindikana waende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Viongozi wa walei wawasindikize, maana maskini akienda peke yake husikilizwa nusu.

Na tunaitaka Serikali iweke sheria ya wazi inayomlinda mpangaji na mwenye nyumba kwa pamoja, itakayokomesha kodi ya mkupuo na kuwasajili madalali. Parokia nazo zisijione ziko nje ya jambo hili. Zilizo na nyumba za kupangisha zijichunguze kwanza, kabla ya kuwahubiria wengine.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya Ndogo Ndogo

Katika jumuiya yetu, nani anapangisha na nani amepanga? Je, tumewahi kuzungumza kwa uwazi juu ya jambo hili tukiwa tumeketi pamoja?

Kuna familia gani mtaani petu inayoishi kwa hofu ya kutolewa, nasi tumenyamaza?

Je, jumuiya yetu inaweza kuanzisha mfuko wa kumkopesha bila riba anayetafuta chumba, na kumdhamini kwa mwenye nyumba?

Majibu ya jumuiya yaandikwe na kupelekwa kwenye halmashauri ya walei ya parokia kabla ya mwisho wa mwezi. Kila jibu litaje hatua moja itakayochukuliwa, na mtu atakayeisimamia.