Kutajwa Si Kutukuka: Tuwapimeje Wasomi wa Afya?

Msomi wa siku hizi hupimwa kwa hesabu. Makala zake zikirejelewa mara nyingi na wasomi wenzake, huitwa gwiji. Zisiporejelewa, hudhaniwa hakufanya lolote. Hesabu hiyo hutazamwa wahadhiri wanapoajiriwa na wanapopandishwa vyeo. Yafaa basi tujiulize: kipimo hiki hupima nini hasa?

Asili yake haikuwa mbaya. Mwaka 1964 Mmarekani Eugene Garfield alitoa faharasa iliyoonyesha ni makala zipi zilizorejelewa na zipi, ili mtafiti aweze kufuatilia safari ya wazo. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch akabuni kipimo kiitwacho kwa herufi moja tu, h. Msomi mwenye makala 20 ambazo kila moja imerejelewa angalau mara 20 hupewa alama 20.

Sisi wanaisimu twajua kwamba kutaja si kuafiki. Jina lile lile laweza kutamkwa kwa kusifu, kwa kukejeli au kwa kuonya. Hesabu haisikii kiimbo.

Chukua mfano wa daktari Mwingereza Andrew Wakefield. Mwaka 1998, yeye na wenzake walichapisha katika jarida la The Lancet makala kuhusu watoto 12, wakiihusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji. Ilibainika kwamba makala hiyo ilikuwa na udanganyifu. Jarida likaifuta mwaka 2010, na mwaka uo huo Wakefield akaondolewa katika sajili ya madaktari wa Uingereza. Hata hivyo, makala hiyo imerejelewa zaidi ya mara 1,000, na wengi walioirejelea waliipinga. Kwa hesabu tupu, hiyo ni kazi adhimu! Kwa mzazi aliyekataa chanjo kwa sababu yake, mtoto akaugua surua, ni balaa. Ama kweli, debe tupu haliachi kuvuma.

Sasa tumtazame Profesa Miriam Were wa hapa kwetu Kenya. Alikuwa mwalimu kabla ya kusomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na baadaye akapata shahada ya uzamifu katika afya ya umma kutoka Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani. Katika miaka ya 1970, huko Kakamega, aliwashirikisha wanavijiji wenyewe katika kuchimba vyoo, kulinda maji na kupeleka watoto kuchanjwa. Wazo lake lilikuwa kwamba afya huanzia nyumbani, wala si katika lango la hospitali. Wazo kama hilo ndilo lililoongoza mkakati wa afya ya jamii ambao serikali iliuanzisha mwaka 2006, na hatua ya mwaka 2023 ya kuwapeleka mashinani wahudumu wapatao 100,000.

Ni faharasa gani itakayoonyesha hayo? Mama anayechemsha maji ya kunywa haandiki marejeleo.

Fauka ya hayo, kijijini elimu ya afya haina budi kusemwa kwa lugha ya wenyeji. Kutafuta neno ambalo ajuza atalielewa bila kupotosha sayansi ni kazi ya kitaaluma, tena nzito. Lakini faharasa hizi zimejaa majarida ya Kiingereza, na kijitabu cha Kiswahili au Kiluhya hakimpi mwandishi wake hata alama moja.

Wajapani walilitambua jambo hili. Mwaka 2008 walipotoa kwa mara ya kwanza Tuzo ya Afrika ya Hideyo Noguchi, waliigawa sehemu mbili. Ya utafiti ilimwendea Brian Greenwood wa Uingereza, aliyechunguza malaria kwa miaka mingi nchini Gambia. Ya huduma ikamwendea Profesa Were. Mizani ilikuwa miwili, na hakuna aliyedunishwa.

Wapo watakaosema kwamba hesabu huzuia upendeleo, kwamba bila hiyo mkubwa angempandisha cheo mpwawe. Hoja hiyo ina uzito. Kwa hivyo sisemi hesabu itupwe. Nasema iwe shahidi, isiwe hakimu. Azimio la San Francisco la mwaka 2012 lilionya dhidi ya kumpima mtafiti kwa umaarufu wa jarida alimochapisha, likahimiza kazi yenyewe ipimwe.

Vyuo vyetu vikuu navyo viwatake wanaoketi katika kamati za vyeo wazisome kazi zinazoletwa mbele yao, badala ya kuhesabu tu. Vijitabu, mafunzo na sera zilizotokana na utafiti zipewe alama zake. Nanyi walimu, mwanafunzi akiwaletea jina la msomi aliyerejelewa mara elfu, mwulizeni alirejelewa na nani na kwa sababu gani. Na ikiwa msomi huyo ni wa afya ya umma, mwulizeni pia ni nani aliyepona.