Miaka 10 ya Ubongo Kids: Nyimbo hizi zifike hadi machimboni

Januari 2014, TBC1 ilirusha kwa mara ya kwanza Ubongo Kids, kipindi cha katuni kilichotengenezwa Dar es Salaam, chenye Kiswahili cha nyumbani na kinachofundisha hesabu kwa nyimbo. Januari 2024 kilitimiza miaka 10. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza kilipoanza alikuwa kidato cha nne wakati huo, na wadogo zake wamezipokea nyimbo zilezile. Sisi wa Shinyanga na Geita tunaipongeza taasisi ya Ubongo kwa moyo wote. Pamoja na pongezi hizo, tunajikumbusha deni letu kwa watoto wa huku ambao nyimbo hizo bado hazijawafikia.

Ubongo ilianzishwa mwaka 2013 na kundi dogo la vijana, wakiwemo Nisha Ligon na Cleng'a Ng'atigwa. Walijua kwamba madarasa yetu yamefurika na vitabu havitoshi, lakini televisheni na simu zimeshaingia katika nyumba nyingi. Wakaunda watoto wa katuni: Kibena, Koba, Amani, Baraka na Kiduchu. Watoto hao hukutana na tatizo mtaani kwao, wakabishana, wakakosea, wakajaribu tena. Kisha huja wimbo uliobeba kanuni yenyewe, wenye mdundo wa kuchezeka na kiitikio kifupi. Mtoto akikishika kiitikio, ameishika kanuni. Kaka mtu aliyejifanya hatazami, naye utamsikia jioni akikiimba huku anateka maji.

Mwaka 2016 wakaja na Akili and Me kwa ajili ya wadogo zaidi. Akili ni binti wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro. Akilala huingia katika nchi ya ndoto, na huko hujifunza herufi, namba na namna ya kuishi na wenzake.

Kwamba nyimbo hizi zinafundisha, ushahidi upo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walitumia takwimu za upimaji wa Uwezo kuwaangalia watoto wa Tanzania, na mwaka 2021 wakachapisha matokeo. Watoto waliokifahamu kipindi cha Ubongo Kids walifanya vizuri zaidi katika hesabu, hata baada ya kuzingatia tofauti nyingine kati yao. Na shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, vipindi hivi vilikuwa tayari. Ubongo ikavitoa bure kwa vituo vya televisheni na redio barani Afrika, na watoto waliokuwa nyumbani bila mwalimu wakapata pa kushika.

Kwa wenyeji wa kanda hii, kufundisha kwa wimbo ni jadi. Usukumani mashamba yamelimwa kwa nyimbo tangu enzi za mababu, na makundi ya wacheza ngoma ya Bagika na Bagalu yangali yanashindana baada ya mavuno. Ningi, mtunzi na kiongozi wa ngoma, huheshimiwa kwa sababu maneno yake hubeba habari, maonyo na historia. Mzee ambaye hakuingia darasani hata siku moja anaweza kukuimbia mambo ya miaka hamsini iliyopita bila kuruka hata moja. Ubongo imeichukua nguvu hiyohiyo na kuitia katika jedwali la kuzidisha.

Hesabu yenyewe huku kwetu ni maisha. Nenda kwenye machimbo ya Nyarugusu au Rwamgasa uone mawe yanapotoka kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia: viroba vinapangwa, kisha vinagawanywa kati ya mwenye eneo, mwenye duara na wachimbaji. Hayo ni mafungu na sehemu, somo la shule ya msingi kabisa. Dhahabu ikifika kwa mnunuzi, inasomwa kwenye mizani kwa gramu na pointi, na asiyejua desimali hupokea anachopewa. Kishapu na Maswa mkulima wa pamba naye husimama mbele ya mizani namna hiyohiyo. Mtoto anayeimba desimali leo hatapunjwa kesho.

Lakini masikio ya mtoto wa machimboni yanashiba nini? Kutwa nzima sabufa za vibandani zinapiga nyimbo za mapenzi na pombe, na mtoto wa miaka saba anazijua zote. Tusimlaumu, anaimba anachosikia. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilieleza jinsi watoto wa Geita, Shinyanga na Mbeya walivyokuwa wakichimba, wakibeba mawe na kushika zebaki kwenye machimbo madogo. Mtoto wa namna hiyo anahitaji shule kwanza, na anahitaji shule yenye kitu cha kumvuta na kumbakiza.

Si sisi pekee tunaoimbiwa na wahusika wa kuchorwa: Wajapani nao wanaye mwimbaji wa namna hiyo anayependwa na wengi. Hatsune Miku alitolewa mwaka 2007 na kampuni ya Crypton Future Media ya Sapporo. Ni programu ya kompyuta iliyojengwa kwa sauti ya mwigizaji Saki Fujita, na yeyote mwenye programu hiyo anaweza kumtungia wimbo. Ndiyo maana nyimbo zake ni nyingi mno, nyingine za kitoto, nyingine za watu wazima, na mzazi au mwalimu hana budi kumchagulia mtoto zinazomfaa. Kibena na wenzake wametuondolea kazi hiyo: kila wimbo wao ulitungwa tangu mwanzo kwa ajili ya mtoto. Hata hivyo, kwa Miku tunajifunza jambo moja zuri, kwamba mlango wa utunzi uko wazi kwa wengi.

Basi jubilei hii ituletee kazi. Sheria ya Madini, kwa marekebisho ya 2017, inamtaka mwenye leseni ya uchimbaji kuandaa kila mwaka mpango wa kuihudumia jamii na kukubaliana na halmashauri. Madawati na madarasa yaendelee kujengwa, na katika mipango hiyo iingie redio, spika na umeme wa jua kwa shule zilizo karibu na machimbo. Redio zetu, kuanzia Radio Faraja ya Shinyanga hadi Storm FM ya Geita, zitenge saa ya watoto. Walimu wa darasa la kwanza na la pili wazitumie nyimbo hizi katika KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu). Mzazi mwenye simu amwekee mwanawe nyimbo tano kwenye memori kadi.

Na kwa Ubongo tuna ombi. Njooni Geita, Kahama na Kishapu, mkae na maningi wetu na walimu wetu, mtunge nyimbo za zebaki, za mashimo yaliyoachwa wazi, za mizani na mgawo wa viroba. Watoto wa huku wataziimba kwa fahari kwa sababu watajiona ndani yake.

Hongereni kwa miaka 10. Mmewafundisha watoto wa Tanzania kwamba hesabu ni yao na inaimbika. Miaka kumi ijayo tuihesabu kwa shule za machimboni zilizofikiwa.