Barua ya Wazi kwa KEBS: Tuambieni Ni Unga Gani Tunaowalisha Kuku Wetu

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Shirika la Ukadiriaji Ubora wa Bidhaa (KEBS),
Barabara ya Popo, South C, Nairobi.

Nakala: Idara ya Kilimo, Kaunti ya Jiji la Nairobi; Mkurugenzi wa Huduma za Mifugo, Kabete.

KUH: UNGA WA MADINI UNAOUZIWA WAFUGAJI WA KUKU KIBERA NA KAWANGWARE

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Mimi ni mfugaji wa kuku wa nyama mtaani Gatina, Kawangware. Nakuandikia kuhusu unga mweupe, na wakati mwingine wa kijivu, unaouzwa kwenye maduka mengi ya dawa za mifugo kuanzia Kawangware 56 hadi Makina kule Kibera. Hupimwa kwa gorogoro, ukatiwa kwenye mfuko wa khaki, na mnunuzi akaondoka nao. Duka moja litauita dawa ya harufu, jingine dawa ya sumu ya mahindi, jingine kalsiamu. Mfuko wenyewe hauna maandishi.

Sitaki barua hii isomwe kana kwamba unga huo ni ulaghai mtupu. Madini yanawasaidia kuku, na ndiyo maana tunayanunua. Shida ni kwamba ndani ya mfuko ule panaweza kuwa na chokaa ya mawe iliyosagwa, au chokaa iliyochomwa, au bentonaiti, au zeolaiti, au daiatomaiti. Kwa macho vyote ni unga. Kwa kazi havifanani hata kidogo, na kimoja kikitumiwa mahali pa kingine kinaweza kuua kuku au kumdhuru anayewalisha.

Nianze na chakula, maana humo ndimo pesa zetu nyingi huishia. Mahindi yaliyoota ukungu, ambayo hakuna mama atakayeyasaga kwa ugali, mara nyingi huishia katika chakula cha mifugo. Nchi hii inaijua vizuri sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo. Mwaka 2004, katika maeneo ya Makueni, Kitui, Machakos na Thika, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye aflatoksini na 125 wakafariki. Siku hizi kikomo cha mikrogramu 10 za sumu hiyo kwa kilo ya mahindi kinatajwa hata redioni. Kuku anayekula sumu hiyo kidogo kidogo hafi papo hapo. Ini lake huharibika, hakui, na nguvu ya mwili wake ya kupambana na maradhi hushuka, hata chanjo ya Gumboro na ya Newcastle zikakosa kushika sawasawa. Mfugaji hubaki kuhesabu wiki: ya sita imefika na kuku hajafikia uzito wa sokoni. Na mabaki ya sumu hukaa hasa kwenye ini, na ini halitupwi na mtu hapa kwetu.

Bentonaiti, aina ya udongo wa mfinyanzi, ina uwezo wa kweli dhidi ya aflatoksini. Udongo huo hujipanga kwa tabaka nyembamba, na sumu hunasa katikati ya tabaka hizo ndani ya utumbo wa kuku, kisha ikatoka na mavi kabla ya kuingia kwenye damu. Umoja wa Ulaya uliuidhinisha kwa kazi hiyo mwaka 2013 na kuuwekea kikomo cha gramu 20 kwa kilo ya chakula, yaani kilo moja katika gunia la kilo 50. Waliidhinisha pia zeolaiti ya aina ya klinoptilolaiti, lakini kwa kushikanisha chakula na kukizuia kisigandamane, si kwa kufunga sumu, kikomo chake kikiwa nusu ya hapo. Sasa mfugaji wa Gatwekera, Kibera, ambaye mfuko wake hauna jina, atajuaje kama achanganye kilo moja, nusu kilo, au asichanganye kabisa?

Kuna jambo jingine ambalo hakuna muuzaji aliyewahi kunieleza. Bentonaiti hainasi sumu peke yake. Inaweza kunasa pia baadhi ya dawa, zikiwemo baadhi ya zile zinazotiwa kwenye chakula kuzuia koksidia, ule ugonjwa wa kuharisha damu. Ulaya wameandika onyo hilo katika kibali chenyewe. Hapa mtu anaweza kununua chakula chenye dawa ya koksidia, akaongeza unga wa kufunga sumu, na wiki mbili baadaye akaona damu kwenye maranda. Atalaumu vifaranga. Atalaumu kampuni iliyomuuzia vifaranga. Mfuko wa khaki hautalaumiwa, kwa sababu haukusema chochote.

Halafu udongo huo hauna nguvu sawa kwa sumu zote za ukungu. Zipo nyingine zinazoota kwenye mahindi yale yale na ambazo bentonaiti haizikamati vizuri. Kwa hiyo naomba, Mheshimiwa, msikubali kamwe msagaji wa chakula atumie unga huu kama ruhusa ya kununua mahindi mabovu.

Sasa nije kwenye maranda. Tunayatoa kwa maseremala wa Barabara ya Ngong na wa mitaani kwetu, na kuku hukaa juu yake tangu siku ya kwanza hadi wanapouzwa. Mavi na maji vikichanganyika huko chini, hewa ya amonia hupanda. Wataalamu wa ufugaji husema isizidi sehemu 25 katika milioni moja ya hewa. Ikizidi, macho ya kuku huwasha na kuvimba, mapafu yao hudhoofika, na ulaji hupungua. Kwenye shamba kubwa la Kiambu hilo ni tatizo la kuku. Kibera na Kawangware ni tatizo la watoto, kwa kuwa banda na chumba cha kulala mara nyingi vinatenganishwa na bati moja, na anayeishi humo pua yake huzoea harufu hadi asiisikie tena.

Hapo ndipo kosa kubwa zaidi linapotendeka, na linatendeka kwa nia njema. Mfugaji anasikia harufu, anaambiwa amwage chokaa, anamwaga juu ya maranda mabichi huku kuku wamo. Chokaa iliyochomwa ni kali kwa njia inayosukuma amonia itoke zaidi. Harufu inapanda, mtu anaongeza chokaa. Chokaa ina mahali pake: sakafuni, banda likiwa tupu na limefagiliwa, kabla ya kuingiza vifaranga wapya. Kinachoizuia amonia isitoke ni kitu chenye asidi, kama shabu, ile inayotumika kusafishia maji. Katika jimbo la Arkansas huko Marekani, wanakofuga kuku wengi kuliko sisi, watafiti walionyesha tangu miaka ya 1990 kwamba shabu kwenye maranda hupunguza amonia. Zeolaiti nayo huikamata amonia na kuishikilia, na mbolea inayotoka hapo huwa na naitrojeni zaidi. Hilo lina maana kwetu, kwa sababu maranda ya kuku hutumika kama mbolea kwenye magunia ya udongo yanayopandwa sukuma wiki pale Kibera. Chochote kinachotiwa bandani kitafika kwenye sufuria.

Daiatomaiti tunayo wenyewe, inachimbwa Kariandusi karibu na Gilgil, imetokana na maganda ya viumbe vidogo mno walioishi katika ziwa la kale. Hukwaruza ngozi ya utitiri na kuukausha, bila sumu ya kemikali. Lakini ikiwa imechomwa kiwandani kwa ajili ya kuchujia vinywaji, sehemu yake hugeuka silika ya fuwele, na vumbi la silika hiyo liko kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Iliyochomwa na isiyochomwa hazifanyi kazi moja na hazipaswi kuuzwa kwa jina moja. Anayeinyunyiza bandani mara nyingi ni mama, mdomo wazi, mtoto mgongoni.

Kuhusu kalsiamu nitasema machache. Kuku wa mayai anahitaji chakula chenye kalsiamu ya takriban asilimia 3.5 hadi 4; wa nyama anatosheka na kama asilimia 1. Anayeongeza chokaa ya mawe kwenye finisha, chakula cha wiki za mwisho cha kuku wa nyama, akidhani anaimarisha miguu ya kuku anawaharibia figo.

Huenda ukaniambia kuwa udongo ni udongo, hauna madhara. Mwaka 1997 huko Marekani dioksini iligunduliwa kwenye nyama ya kuku. Uchunguzi uliifuata hadi kwenye mfinyanzi uliochimbwa Mississippi na kuchanganywa kwenye soya ili isigandamane. Hakuna mtu aliyeutia sumu mfinyanzi ule. Dioksini ilikuwa ndani yake tangu ardhini. Ndiyo sababu asili ya kila unga ni lazima ijulikane na upimwe kabla haujafika kwenye gorogoro.

Ninachoomba kinawezekana. Unga wowote wa madini unaouzwa kwa ajili ya mifugo uwe na lebo kwa Kiswahili: jina la madini, mahali yalipochimbwa, kama yamechomwa, ni ya chakula au ya maranda, kipimo kwa gunia la kilo 50, na dawa ambazo hayapaswi kuchanganywa nazo. Mifuko iwe midogo, ya kilo moja na nusu kilo, kwa sababu mfugaji mwenye kuku hamsini hanunui gunia, na gunia likifunguliwa dukani lebo hubaki dukani. Alama yenu ya ubora iwe juu ya mfuko huo mdogo, ili nasi tuithibitishe kwa simu kama tunavyofanya kwa bidhaa nyingine. Sheria ya Mbolea na Vyakula vya Mifugo, Sura 345, ipo. Chuo Kikuu cha Nairobi kina kitivo cha udaktari wa mifugo pale Kabete, si mbali na Kawangware. Shirikianeni nacho ili wafugaji wadogo waweze kupeleka sampuli ya chakula kwa ada wanayoimudu.

Kwa Kaunti nina ombi moja. Sheria yenu ya kilimo cha mjini ya mwaka 2015 ilitutambua sisi tunaofuga ndani ya jiji. Basi wafundisheni wenye maduka kabla ya kuwatuma askari wa kanjo kuyafunga. Wengi wao huuza walichouziwa na hawajui zaidi yetu.

Mheshimiwa Mkurugenzi, tuma maafisa wako wanunue mifuko kumi tu kati ya Kawangware na Kibera, waipime, na matokeo yatangazwe hadharani kwa majina ya madini yaliyomo. Tunayasubiri.

Wako mtiifu,
Mfugaji wa kuku, Gatina, Kawangware