Wanatupima kwa friji, hawaoni deni



Mutu wa ankete ya kampuni akifika kwa mlango, ulizo la kwanza si kama unapenda sabuni fulani ao mtandao fulani wa simu. Anauliza: sakafu ni simenti ao udongo? Muko na televizio? Friji? Pikipiki? Baba alisoma mpaka wapi? Halafu anaendelea, ao anasema asante na kwenda zake.

Maulizo yale ni chujio. Kampuni inataka hesabu fulani ya wenye uwezo, hesabu fulani ya watu wa katikati, hesabu fulani ya wa chini. Fungu lako likijaa, haukuwe na kazi tena kwao. Njia yenyewe si mbaya: mwenye kuuza jenereta anapoteza wakati akiuliza mutu asiyeweza kuinunua. Hata ankete ya afya ya 2013-2014 iligawa familia za Kongo katika mafungu 5 kwa kuangalia vitu vya nyumba.

Shida ni hii: kipimo kile kinamfaa mutu wa mshahara wa kila mwezi. Sisi tunaishi kwa shimo. Mchimbaji wa Mongbwalu ao wa Iga-Barrière anapata zahabu leo, ananunua pikipiki na televizio. Kisha shimo linajaa maji. Miezi inapita, anakula deni kwa yule aliyemkopesha chakula na mazutu ya pompi, na yule ndiye atachukua zahabu yake kwa bei anayotaka mwenyewe. Ankete inaona pikipiki, haioni deni. Inamwandika kati ya wenye uwezo. Mama anayetwanga mawe hana kitu cha kuandikisha. Na familia iliyokimbia vita, vitu vyake vilibaki Djugu: utaipima na nini?

Na mafungu yenyewe, nani alipima ukubwa wake? Hesabu ya mwisho ya watu wote katika inchi yetu ilifanyika 1984. Tangu pale, miji ya zahabu ilikuwa, watu walihama, wengine walikimbia.

Kosa hili si la Kongo peke yake. Mwaka 1936 huko Marekani, gazeti Literary Digest lilituma karatasi kwa watu karibu milioni 10, wengi majina yao yalitoka katika vitabu vya simu na liste za wenye magari. Zaidi ya milioni 2 walijibu. Gazeti likasema Landon atashinda. Roosevelt ndiye alishinda, na kwa mbali sana. Wakati ule wa njaa, maskini hakuwa na simu wala gari. Kumbe kuna dawa: mwaka 2014, PAM ilipotaka kuuliza kwa simu wakimbizi wa Mugunga, karibu na Goma, iligawia familia simu kwanza.

Juu gani sendika inajiingiza? Juu majibu yale yanaamua vitu vyetu: antena itasimama wapi, bei ya mega, ukubwa wa chupa ya mafuta ya kupika. Wakiuliza paka nyumba zenye friji katikati ya Bunia, carré za mbali zitabaki bila sauti. Tena, hapa Ituri mutu anaogopa kutaja mali yake. Mwenye kuuliza leo, nani atasoma kesho? Mwizi? Mutu wa taksi? Mwenye silaha? Basi watu wanaficha, na kampuni inabeba uongo mpaka Kinshasa.

Tunaomba kampuni: muulize mapato ya msimu muzima, si ya siku moja. Muulize madeni. Mufike kwenye carré, museme Swahili. Mueleze mwanzoni kazi ni ya nani na juu ya nini. Majina yasikae pamoja na majibu. Mwishoni murudi kutuonyesha mulichopata.

Na ninyi wenzetu, muombe kuona karte ya kazi. Musitaje uzito wa zahabu wala mahali munapoweka pesa: hakuna ankete ya sabuni inayohitaji kujua ile. Lakini mukikubali kujibu, mujibu ukweli, na deni muliseme hata kama hawakuuliza. Mutu anayehesabiwa vibaya anauziwa vibaya.