Msiba wa Hodhi la Kioo

Juma hili twaomba ruhusa tuanze na kisa cha nyumbani kwetu wenyewe, maana aibu iliyomo ni yetu, na funzo lake twaona si letu peke yetu.

Kwa miezi 8 tulikuwa na hodhi la kioo sebuleni, lenye maji ya bahari yapatayo lita 200. Humo waliishi samaki watano: vitatange wawili, na wengine watatu wadogo wa rangi ya machungwa wenye mistari myeupe. Kitinda mimba wetu alikuwa amempa kila mmoja jina lake. Usiku wa Jumanne tuliwaacha wakiogelea. Tulipoamka kwa Sala ya Alfajiri, watatu walikuwa wamelala ubavu juu ya maji, na wawili wakitweta. Kabla ya Adhuhuri nao wakafa.

Nyumba ikaanza kutafuta mkosaji. Mmoja wetu akataja jicho la mgeni aliyewasifu bila ya kusema mashaAllah. Mwengine akamgeukia binti anayetusaidia kazi za nyumbani, kwa kuwa ndiye aliyefuta kioo jioni ile. Hakuulizwa, aliambiwa. Akanyamaza, akaingia chumbani, akaanza kukunja nguo zake.

Ni bibi yetu aliyetuzuia. “Wanangu,” alisema, “samaki wamekwishakufa. Sasa mwataka kuua na jina la mtoto wa watu?”

Hapo ndipo tukamwita jamaa yetu aliyefuga samaki miaka mingi. Hakuuliza nani, aliuliza nini kilitendeka. Je, umeme ulikatika? Naam, tangu saa nne za usiku hadi karibu na alfajiri. Basi pampu ilisimama, na maji ya joto, kama yetu wakati wa kaskazi, hubeba oksijeni kidogo kuliko maji ya baridi. Samaki waweza kukosa pumzi nasi tumelala.

Je, mlipuliza dawa ya mbu? Naam, sisi wenyewe, baada ya Isha, kabla ya umeme kukatika. Akatueleza kwamba dawa nyingi za namna hiyo, hata zikiwa haba, ni sumu kali kwa samaki, na pampu ya hewa huivuta hewa ya chumbani na kuitia majini.

Maji yakipungua, mwaongeza nini? Maji ya bahari, tukajibu kwa fahari. Kumbe maji hupaa, chumvi ikabaki. Bahari ina chumvi ya gramu 35 hivi kwa kila lita. Hodhi lililopunguzwa na joto hutakiwa kuongezwa maji matamu yasiyo na klorini, ama sivyo chumvi huzidi siku hadi siku. Tena uchafu wa samaki na chakula kilichosazwa hutoa amonia, nayo hugeuzwa na bakteria wa kwenye mchanga na kichujio ikawa nitriti, kisha nitrati isiyo na madhara makubwa. Maji yakisimama, bakteria hao nao hukosa hewa, na sumu hujikusanya.

Katika hayo yote, ni lipi lililowaua? Hatujui. Maji yangepimwa, lakini kwa ghadhabu tulikuwa tumekwisha kuyamwaga asubuhi ile. Haraka haraka haina baraka. Tulilolijua ni kwamba kila sababu aliyoitaja ilitoka mikononi mwetu, na binti yule alifuta kioo kwa nje tu, kwa kitambaa kikavu.

Suratul Hujurat twaisoma tangu chuoni, nayo yatuonya juu ya dhana. Siku ile tulikuwa tumeisahau. Tulimwomba radhi mbele ya wale wale waliosikia akilaumiwa, kwani lawama ya hadharani haifutwi kwa radhi ya faraghani. Alikubali kubaki, Alhamdulillah.

Kuhusu mtoto, tulitaka kumwambia kwamba ni samaki tu. Tukamkumbuka Abu Umayr, ndugu mdogo wa Anas, aliyekuwa na kidege chake, na jinsi Mtume (S.A.W.) alivyomuuliza habari zake kwa upole. Basi tukakaa naye, akatuhesabia majina yote matano.

Kwa wenye mahodhi: dawa ya mbu isipulizwe chumba kile, tafuteni pampu ndogo ya betri kwa siku za giza, mzoga uondolewe mara moja, na msiba ukitokea, wekeni chupa safi ya maji yale yapimwe, kabla ya kumwaga maji wala kumtaja mtu.

Wabillahi tawfiq.