Duka la Dawa, Programu ya Kukodi na Haki ya Mgonjwa

Mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huo wa wafanyabiashara hutajwa zaidi pale fedha inapopotea. Katika duka la dawa, hata hivyo, kinachopotea bila daftari si fedha peke yake. Hupotea pia habari ya dawa iliyotoka, ya mtu aliyepewa, ya toleo lililouzwa na ya siku ambayo muda wa matumizi ulikuwa unakwisha. Muuza nguo akikosea hesabu, hasara ni yake. Muuza dawa akikosea, hasara huingia katika mwili wa mtu mwingine.

Kwa sababu hiyo, swali linalowakabili leo wamiliki wa biashara ndogo nchini, yaani waendelee na daftari la karatasi au wakodi programu za mtandaoni, huwa zito zaidi linapofika katika duka la dawa. Jibu linalofaa ni kukodi, lakini kwa masharti. Masharti hayo yanawahusu watumishi wa afya na wagonjwa, wala si jambo la mwenye duka na muuza programu peke yao.

Pito ni kata ya Manispaa ya Sumbawanga, katika uwanda wa juu wa Ufipa, nchi ya mahindi, maharage na ulezi iliyo kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa. Katika mazingira kama hayo, kama ilivyo kwingi Tanzania, mtu akiugua mara nyingi hatua yake ya kwanza haielekei hospitali ya rufaa bali duka la dawa lililo karibu. Mama anayeamka na mtoto mwenye homa na kikohozi katika baridi ya mwezi Juni hugonga mlango wa duka kwanza. Mtoa dawa ndiye anayeamua kumpa dawa au kumhimiza aende kituo cha afya bila kuchelewa. Ubora wa uamuzi huo na ubora wa dawa iliyo rafuni vinaweza kuokoa maisha au kuyaponza.

Maduka hayo yana historia yake. Mwaka 2003 Wizara ya Afya na iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa zilianzisha mkoani Ruvuma mpango wa maduka ya dawa muhimu, ili yachukue nafasi ya maduka ya dawa baridi, ambayo mengi yalikuwa yakiuza dawa yasizoruhusiwa kuuza, kupitia watu wasio na mafunzo ya kutosha. Rukwa ulikuwa miongoni mwa mikoa iliyofuata mapema. Mpango huo ulileta mafunzo kwa watoa dawa, ukaguzi, orodha ya dawa zinazoruhusiwa na wajibu wa kutunza kumbukumbu. Mafunzo na orodha vimeeleweka. Kumbukumbu ndiyo imebaki kuwa mzigo, kwa kuwa kuandika kila dawa kwa mkono, huku wateja watano wakisubiri dirishani, ni kazi inayoachwa kwanza siku inapokuwa ndefu.

Hapo ndipo programu za kukodi zinapoingia. Wauzaji wake huziita programu za wingu. Ufipa wingu ni ahadi ya mvua. Katika biashara hii neno hilo ni jina tu la kompyuta kubwa za mtu mwingine, zilizowekwa mbali, pengine Dar es Salaam, pengine Ulaya, na kufikiwa kwa njia ya intaneti. Mwenye duka hainunui programu. Huikodi kama mtu anavyokodi fremu: hulipa ada ya mwezi, hufungua simu janja au kishikwambi, huingiza dawa alizopokea na kusajili kila anayoiuza. Haihitaji kompyuta ya bei kubwa wala fundi wa kuja kuitengeneza. Akitaka huduma zaidi huongeza malipo, akitaka pungufu hupunguza. Kodi ikikoma, mlango hufungwa.

Utaratibu huu si mgeni kama unavyoonekana. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, wakala wa kijijini amefanya kazi kwa mitambo asiyoimiliki wala kuiona, akiiamini kwa fedha za watu. Vituo vya serikali navyo hupeleka takwimu zao katika mfumo wa DHIS2, na vingi hutumia mfumo wa GoT-HoMIS kusajili wagonjwa na malipo. Duka dogo la binafsi, ambalo huwaona wagonjwa kabla ya wote hao, aghalabu limebaki na kalamu.

Faida ya kwanza ya mgonjwa iko rafuni. Programu iliyotengenezwa vizuri hupanga dawa kwa tarehe ya kwisha muda na kumkumbusha mtoa dawa itakayoisha mapema itoke mapema. Huonyesha pia dawa inayokaribia kwisha kabla haijakwisha, ili mama wa mtoto mwenye homa asiambiwe arudi keshokutwa. Dawa iliyopitwa na muda hukaa rafuni kwa kusahaulika zaidi kuliko kwa hila, na kusahau ndiko mashine inakokupunguza.

Faida ya pili huonekana siku ya hatari. Mwezi Aprili 2024 nchi kadhaa za Afrika, Tanzania ikiwa miongoni mwao, ziliagiza kuondolewa sokoni kwa toleo moja la dawa ya kikohozi ya watoto, baada ya wakala wa dawa wa Nigeria kutangaza kuwa vipimo vyake vilikuta ndani yake diethilini glaikoli, kemikali inayoweza kuharibu figo na kuua. Agizo la namna hiyo hutaja namba ya toleo. Duka lenye kumbukumbu huitafuta namba hiyo kwa dakika chache na kujua chupa ngapi zimebaki, ngapi zimetoka na lini. Duka lisilo na kumbukumbu huweza tu kuondoa zilizobaki rafuni. Zile zilizokwisha kwenda majumbani haziulizwi na mtu, na mzazi aliyeiweka chupa juu ya kabati hana wa kumwonya.

Wapo wanaosema kuwa haya yote yanaweza kufanywa kwa daftari, na kwamba duka lenye rafu tatu halina haja ya teknolojia. Hoja hiyo ina uzito wake. Daftari halihitaji umeme wala bando, na mtoa dawa makini mwenye kalamu ni bora kuliko mzembe mwenye kishikwambi. Programu haimfundishi mtu uaminifu. Ikiingiziwa uongo, hutunza uongo kwa unadhifu. Lakini daftari halimwambii mwenyewe kwamba paketi iliyo nyuma ya rafu inaisha muda wiki ijayo. Likilowa, likiungua au likiibwa, hakuna nakala. Ubora wa daftari ni kwamba liko mkononi mwa mwenye duka. Ubora huo ndio programu ya kukodi isiyouhakikisha, na hapo ndipo masharti yanapohitajika.

Sharti la kwanza ni kwamba programu iendelee kufanya kazi mtandao unapokatika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za mawasiliano zilizo chini ya bahari, EASSy na Seacom, ziliharibika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikayumba Tanzania na katika nchi jirani. Hitilafu iliyotokea baharini, mamia ya maili kutoka nchini, iligusa simu za watu wasiowahi kuiona bahari. Umeme nao una historia yake: kwa miaka mingi Sumbawanga ilitegemea umeme wa kutoka Zambia, nje ya gridi ya taifa. Programu inayogeuka ukuta mtandao unapopotea haifai kukabidhiwa dawa. Inayofaa ni ile inayohifadhi mauzo ndani ya simu na kuyapeleka mbele mawasiliano yanaporudi.

Sharti la pili ni kwamba kumbukumbu ziweze kutolewa. Kabla ya kulipa shilingi ya kwanza, mwenye duka aulize: nikiacha kulipa, nitazipataje taarifa zangu? Swali hili lina maana ya pekee Ufipa, ambako mzunguko wa fedha hufuata shamba. Baada ya mavuno watu wana fedha na madeni hulipwa. Miezi ya mvua, kabla mahindi mapya hayajakomaa, mifuko hukauka. Ada ya mwezi haijui majira. Ikiwa imepangwa kwa dola, haijui pia kwamba shilingi imeshuka. Duka likikosa ada mwezi Februari na mlango ukafungwa, kinachofungiwa ndani ni habari ya dawa walizopewa wagonjwa. Mkataba ueleze wazi kuwa taarifa ni mali ya duka, kwamba nakala inaweza kuchukuliwa wakati wowote kwa namna inayosomeka, na kwamba kuchelewa kulipa hakufuti kumbukumbu. Wauzaji wa programu wanaotaka soko la vijijini wangefanya vema kukubali malipo ya msimu, kama wauzaji wa mbolea walivyozoea kungoja mavuno.

Sharti la tatu ni siri. Katika mtaa ambamo watu wanajuana kwa majina ya babu zao, orodha ya nani alinunua nini ni silaha. Binti aliyenunua vidonge vya uzazi wa mpango, au kijana aliyekuja na dalili za ugonjwa wa zinaa, alimwamini mtoa dawa mmoja dirishani. Hakumwamini mpwa wa mwenye duka anayejua nenosiri, wala kampuni iliyo ng'ambo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti na kuweka masharti ya kuzisafirisha nje ya nchi. Sheria hiyo haiishii kwenye hospitali kubwa. Dukani maana yake ni kwamba kila mtumishi awe na nenosiri lake, simu ya kazi isichezewe na watoto, na jina la mgonjwa lisiandikwe pale ambapo namba ya toleo na tarehe vinatosha.

Hata wakubwa hawajanusurika. Mwezi Februari 2024 wahalifu wa mtandaoni waliishambulia Change Healthcare, kampuni ya Marekani inayopitisha madai ya bima ya maduka ya dawa na hospitali nyingi. Maduka ya dawa nchini humo yalishindwa kuthibitisha bima za wateja, baadhi ya wagonjwa wakalazimika kulipa taslimu au kusubiri, na taarifa za mamilioni ya watu zikaibwa. Marekani haikuiacha teknolojia kwa sababu hiyo, wala Tanzania haina haja ya kuiacha. Funzo lililopo ni kwamba wote wanapoegemea nguzo moja, ikianguka huanguka nao. Duka la Pito lenye nakala yake ya kila wiki, hata kama ni orodha iliyochapwa na kuwekwa faili, lina kinga ambayo baadhi ya wakubwa hao hawakuwa nayo.

Masharti hayo hayatapatikana kwa mwenye duka mmoja kubishana peke yake na kampuni. Wamiliki wa maduka ya kata kadhaa wakijiunga wanaweza kudai mkataba mmoja, bei moja na mafunzo ya pamoja. Wafamasia wa halmashauri, ambao huyajua maduka haya kwa ukaguzi, wana nafasi ya kuwashauri programu ipi inatunza namba za toleo na tarehe ipasavyo, na ipi ni mashine ya kuhesabu fedha iliyopakwa rangi ya dawa. Ukaguzi nao uuone mfumo kama unavyoliona daftari: ufunguliwe, usomwe, ulinganishwe na rafu. Vyuo vya afya, kwa upande wao, vinaweza kuingiza utunzaji wa kumbukumbu za kielektroniki na siri ya mgonjwa katika mafunzo ya watoa dawa.

Mgonjwa pia ana sehemu yake. Ana haki ya kuomba stakabadhi yenye jina la dawa, na kuitunza pamoja na paketi yenye namba ya toleo mpaka dozi iishe. Ana haki ya kuuliza namba yake ya simu inaandikwa kwa nini, na kukataa ikiwa jibu ni matangazo. Ana haki pia ya kutaka aonyeshwe tarehe ya kwisha muda, hata pale mtoa dawa anaposema kompyuta imekwisha kuiangalia. Mashine huikumbusha akili ya mtoa dawa; haichukui nafasi yake, na haiwezi kumtazama mtoto anayepumua kwa shida ikajua kuwa huyu si wa kupewa dawa bali wa kukimbizwa kituoni.

Programu ni kitu cha kukodi, na kukodi si aibu. Mwenye duka anaweza kuikodi leo, kuibadilisha mwakani na kuiacha akipata iliyo bora. Kumbukumbu ya dawa iliyoingia mwilini mwa mtu haibadilishwi hivyo. Mgonjwa aliiacha dukani kama amana, na amana hurudi mikononi mwa mwenye dhamana hata mpangishaji anapofunga mlango. Mwenye duka wa Pito asiweke saini katika mkataba wowote usiokubali hilo kwa maandishi.